Ndani, Mlangoni, Nje

Ofelia Treviño hakufundisha darasa hata siku moja katika miaka thelathini na minne aliyokaa Sekondari ya La Retama, lakini mji mzima ulimwita Mwalimu. Kazi yake ilikuwa kukaa katika kile chumba kilichobanwa kati ya ofisi ya mkuu wa shule na choo cha wasichana, na kuwaambia watoto wa watu kama chuo kikuu cha jimbo pale Austin kitawachukua au hakitawachukua. Vyuo viko vingi Texas, na kimoja kizuri tu kiko nusu saa kwa gari kutoka hapa kwetu. Lakini mzazi wa La Retama ukimtajia chuo, yeye anaelewa kile cha Austin, vingine ni vya watoto wa jirani.

Sheria yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuishi nayo. Kila shule inawapanga watoto wake kwa alama, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, na wale wa juu wanaingia bila kuulizwa swali lolote. Zamani ilikuwa moja ya kumi ya darasa. Siku hizi Austin wamebana, wanachukua sita tu katika kila mia. Aliye juu ya mstari amepita. Aliye chini ya mstari, hata kwa nafasi moja, anakwenda kupanga foleni na maelfu ya wenzake, wote wanaandika insha za kueleza jinsi bibi zao walivyowafunza kuwa wavumilivu.

Ofelia alikuwa na kadi ya kila mtoto, na kwenye kila kadi aliandika kwa penseli tarehe na neno moja kati ya matatu: Ndani, Mlangoni, Nje. Hakutumia mengine. Mji ukayazoea maneno hayo hadi yakatoka shuleni yakaingia mitaani. Mtu akienda kuposa na wazazi wa msichana wakasema watafikiria, marafiki zake walimwambia amewekwa mlangoni. Na yeye mwenyewe hakuwa na pa kujificha. Jumamosi moja alikuwa kwenye foleni ya nyama, amesimama na namba yake mkononi akisubiri kununua kichwa cha ng'ombe cha kupika usiku kucha kwa ajili ya Jumapili, mama mmoja anayeitwa Elodia akamgeukia.

“Mwalimu, wangu vipi?”

“Mlangoni.”

“Mlangoni kwa ndani au mlangoni kwa nje?”

“Kwenye kizingiti, Elodia. Na foleni inasogea, sogea nawe.”

Watu wakacheka, Elodia naye akacheka, ingawa alikwenda nyumbani akamnyang'anya mwanawe simu kwa wiki mbili.

Jambo ambalo mji haukulijua, au uliliona ukalipa sababu nyingine, ni kwamba kwa miaka ishirini na mitatu Ofelia hakumwambia mtoto yeyote neno Ndani. Hata mmoja. Kuna mwaka alikuja binti aliyekuwa wa kwanza darasani tangu ameingia shuleni, ambaye wa pili wake alikuwa mbali hata kwa darubini humwoni. Ofelia akaandika Mlangoni. Binti akatoka analia, mama yake akaja mbio na aproni ya mkahawa bado kiunoni, kutaka kujua wa kwanza anakuwaje mlangoni. “Mpaka Juni lolote laweza kutokea,” Ofelia alimjibu, na zaidi ya hapo hakutoa neno. Mji ukasema Mwalimu uzee unamtia uchungu. Wengine walisema ni ujane, maana mumewe Rumaldo alikuwa amefariki miaka hiyohiyo. Haikuwa uzee wala Rumaldo. Ilikuwa mvulana mmoja anayeitwa Evaristo Cavazos.

Mwaka 2001 Ofelia alikuwa na miaka arobaini na alikuwa hodari, na mbaya zaidi, alijua kuwa ni hodari. Alikuwa mtoto wa vibarua wa kufunga vitunguu, wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo, na alikuwa amewapeleka Austin watoto wengi kuliko mshauri yeyote aliyemtangulia. Neno lake Ndani halikuwahi kuanguka. Wazazi wakishaambiwa Ndani walikuwa wanapika karamu.

Evaristo alikuja wiki ya kwanza ya Januari, mwaka wake wa tatu shuleni. Mrefu, mikono haijui ikae wapi. Baba yake, Mzee Eleuterio, alikuwa fundi wa pampu za kumwagilia mashamba, mtu wa maneno machache, ambaye kila akimwona Ofelia barabarani alivua kofia kana kwamba amemwona padre. Kila Januari, mabalungi ya mti wake yalipoiva, mfuko wa kwanza aliupeleka ofisini kwa Ofelia.

“Nina swali moja tu, Mwalimu,” Evaristo alisema. “Nusu hii ya mwaka nichukue ile fizikia nzito, au nichukue kuchomelea?”

“Wewe unataka nini?”

“Kuchomelea. Lakini baba anasema nikuulize kwanza nafasi yangu.”

Hapa inabidi nieleze kidogo. Somo zito ukipata A unahesabiwa tano. Somo la kawaida ukipata A hiyohiyo unahesabiwa nne. Kwa hiyo mtoto anayefanya vizuri kupindukia katika somo la kawaida, ile A yake inamvuta chini ya wenzake wa masomo mazito. Kuchomelea ni somo la kawaida. Mariachi nayo, ule muziki wa Kimeksiko wa violini na gitaa, ni somo la kawaida, na kwetu mariachi si mchezo, shule nzima inakwenda kwenye mashindano na watu wanafunga maduka. Msichana anaweza kupiga violini hadi mwalimu akatokwa na machozi, na kwa violini hiyohiyo akakosa chuo. Nani aliyetunga utaratibu huo sijui, ila hakuwa mtu wa kupenda muziki.

Ofelia alichukua orodha. Darasa lilikuwa na watoto mia mbili arobaini na watatu, kwa hiyo nafasi za Austin zilikuwa ishirini na nne. Evaristo alikuwa wa ishirini na nne. Mshauri mwingine yeyote angemwambia kaza, uko ukingoni. Lakini Ofelia hakuwa mtu wa kuangalia namba tu, aliwajua watoto wenyewe. Wa ishirini na tano alikuwa Nereida Longoria, msichana wa violini, na Nereida alikuwa hawezi kumfikia Evaristo maadamu yuko kwenye mariachi. Wa ishirini na sita alikuwa mbali. Akapiga hesabu mara mbili, pamoja na hiyo A ya kuchomelea, na mara zote mbili Evaristo alibaki pale pale.

“Kachomelee,” alimwambia. “Uko Ndani.”

Akaliandika mbele yake, akaisaini fomu. Mvulana alitabasamu akiangalia chini. Jumapili iliyofuata Mzee Eleuterio alifika kanisani pikapu yake ina stika ya chuo kwenye kioo cha nyuma, kubwa, imebandikwa imenyooka kama kwa rula. Alimwendea Ofelia uwanjani, akavua kofia, akashindwa kusema, akaivaa tena.

Siku tisa baadaye akaja Nereida. Alikuja analia, na Ofelia, ambaye hakuwahi kuzoea machozi ya watoto ingawa aliyaona kila wiki, alimpa kikombe cha maji. Nereida alitaka kusomea dawa. Alitaka Austin na hakutaka penginepo. Alikuwa wa ishirini na tano, nafasi moja nje ya mstari.

“Nifanye nini, Mwalimu? Niambie chochote, nitafanya.”

Ofelia akaichukua penseli. Alifanya alichomfanyia kila mtoto, hesabu ya kweli, bila upendeleo. Akamwambia aache mariachi, achukue historia nzito mahali pake. Nereida akauliza kama anaweza kubaki kwenye mariachi bila kuhesabiwa alama. Haikuruhusiwa. Akasaini. Violini yake, nilisikia, aliiuza mwaka uleule kwa binamu yake, na hakushika nyingine.

Nereida alipotoka, Ofelia alimkumbuka Evaristo. Sisemi aliteleza wala alisahau. Alimkumbuka palepale, kabla kikombe hakijakauka. Alijua kwamba ile Ndani yake ilisimama juu ya mariachi ya Nereida, na kwamba mariachi hiyo ameiondoa yeye mwenyewe sasa hivi, kwa mkono wake. Siku za kubadili masomo zilikuwa zimebaki tano. Angemwita Evaristo akamwambia, rudi kwenye fizikia, mambo yamebadilika, watoto wote wawili wangekimbizana sawasawa na anayeshinda angeshinda.

Hakumwita. Alijiambia kwamba Nereida hataiweza historia ile, imewashinda wenye nguvu zaidi. Alijiambia kwamba si haki kumfichulia mtoto mmoja siri za mwingine. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini lililomkalisha kitini ni kwamba kumwita Evaristo maana yake ni kumwambia, nilikosea, na yeye Ofelia Treviño hakuwa akikosea, na mji mzima ulikuwa umeshaiona ile stika.

Nereida aliipata A ya historia. Juni orodha ikatoka, ile ambayo Austin wanaitumia: Nereida wa ishirini na nne, Evaristo wa ishirini na tano.

Mvulana alikuja ofisini na ile karatasi mkononi. Alikuwa hajakasirika, na afadhali angekasirika.

“Imekuwaje, Mwalimu?”

Kama kuna saa moja ambayo Ofelia angelipa chochote airudishe, ni hiyo. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Akamwambia, “Wenzako walikaza zaidi, mwanangu.”

Evaristo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa vipimo vya daktari. Akashukuru, akatoka.

Aliomba chuo hivyo hivyo, kwa insha, wakamkatalia. Mzee Eleuterio aliikwangua stika kwa wembe, uani kwake, asubuhi nzima. Gundi haikutoka yote. Vumbi likaishika, na kwa miaka mingi ukiegesha nyuma ya pikapu ile kanisani uliweza kulisoma jina la chuo kwa vumbi. Ofelia alilisoma kila Jumapili. Na kila Januari mzee aliendelea kumletea mabalungi, mfuko wa kwanza, na kofia mkononi. “Ulimfanyia yote uliyoweza, Bi Ofelia,” aliwahi kumwambia. “Kijana ndiye aliyelala kona ya mwisho.”

Alimjibu nini? Alimwambia asante kwa mabalungi.

Msije mkadhani Evaristo aliharibikiwa. Alisoma chuo cha hapa karibu mwaka mmoja na nusu, akaacha, akaenda kuchomelea meli bandarini Brownsville, kisha akarudi akafungua karakana. Mageti ya nusu ya mji ni kazi ya mkono wake. Geti la Ofelia pia, lenye maua ya chuma juu, alilomtengenezea kwa siku nne alipofiwa na Rumaldo na ikabidi lile la mbao lililooza libomolewe. Ofelia alilifungua kila asubuhi kwenda kazini na kulifunga kila jioni, na hakuna siku bawaba zake zilipolia. Evaristo alioa, akazaa, akanenepa kidogo. Ni hilo moja tu alilobaki nalo, na kila aliyekaa naye zaidi ya saa moja alilisikia: kwamba alikuwa ameshaingia Austin, kisha akaingiwa na uvivu.

Sasa tuje Januari iliyopita. Ofelia alikuwa amekwisha kuandika barua ya kustaafu, Juni anaondoka. Kadi za zamani alikuwa akizitia kwenye maboksi, mwaka baada ya mwaka, na boksi la 2001 alikuwa amelikwepa wiki nzima kama mtu anavyokwepa kuosha sufuria iliyoungua. Mlango ukagongwa. Evaristo akaingia na mfuko wa mabalungi, nyuma yake binti yake Yaretzi, miaka kumi na sita, kabeba ile gitaa fupi ya mariachi mgongoni ndani ya mfuko wake.

“Ya mti wa mzee,” Evaristo alisema akiuweka mfuko mezani. Mzee Eleuterio alikuwa amekufa Machi ya mwaka uliotangulia. “Mti hauna habari kama ameondoka. Mwaka huu umezaa kama una wazimu.”

“Kaeni. Tuone hiyo fomu.”

“Anaacha mariachi. Anachukua takwimu, ile nzito. Ijumaa ndiyo mwisho, nimeshasaini.”

Ofelia aliiangalia fomu, kisha orodha. Darasa la watoto mia tatu na mmoja, nafasi kumi na nane. Yaretzi alikuwa wa kumi na saba.

“Na wewe unasemaje?” alimwuliza binti.

“Baba amepiga hesabu kwenye simu mara tisa. Mara zote tisa mimi ndiye ninayeacha mariachi.”

“Akiacha anapanda mpaka wa kumi na nne,” Evaristo alisema. “Akibaki, hao wawili wa nyuma wanampita. Mwalimu, mwambie. Mwambie kilichonipata mimi.”

“Nakijua, Baba. Hata mbwa wetu anakijua.”

“Basi kisikie tena mbele ya shahidi. Nilikuwa wa ishirini na nne. Nilikuwa Ndani. Mwalimu huyuhuyu aliniambia, kwenye kiti hicho ulichokalia. Nami nikabweteka, nikaenda kucheza na moto, wenzangu wakakaza. Babu yako akaikwangua stika kwa wembe. Mimi sitakwangua ya kwako.”

Yaretzi alimgeukia Ofelia. Hakuwa na ukaidi usoni, alitaka kujua tu. “Alikuwa mvivu kweli, Mwalimu?”

Ofelia alifungua kinywa kusema lile alilolisema miaka ishirini na mitatu, na akaona kwamba safari hii likitoka litamla huyu mtoto naye. Akainuka. Akalichukua lile boksi alilokuwa akilikwepa, akatafuta kwa kidole, akatoa kadi mbili, akaziweka mezani kando kando. Penseli ilikuwa imefifia lakini ilisomeka.

“Baba yako hakuwa mvivu,” alisema. “Evaristo, kuchomelea ulipata ngapi?”

“Tisini na tisa. Unakumbuka wewe, ulinipongeza.”

“Na hesabu?”

“Tisini na sita.”

“Hukushuka hata somo moja. Nimeziangalia alama zako mara nyingi kuliko ulivyoziangalia wewe. Soma hii kadi nyingine.”

Evaristo aliishika kwa vidole vyake vyenye makovu ya cheche, akaisogeza mbali kidogo na macho. “Nereida. Wa mama Chela?”

“Huyo. Alikuwa nyuma yako. Nilikwambia uko Ndani kwa sababu alikuwa kwenye mariachi, hawezi kukupita. Siku tisa baadaye akaja hapa, nikamwambia aache mariachi. Angalia tarehe.”

Alikuwa akiiangalia.

“Nilimwambia mimi,” Ofelia aliendelea, kwa kuwa hakutaka abakishe mahali pa kujificha. “Nilijua atakupita wewe. Siku tano zilikuwa bado za kurudi kwenye fizikia. Sikukuita.”

“Mbona hukuniita?”

“Nilikuwa nimeshasema Ndani.”

Kengele ililia, korido ikajaa vishindo na vicheko, kisha ikatulia. Muda wote huo Evaristo hakuinua macho. Yaretzi alikuwa ameushika mfuko wa gitaa kwa mikono miwili.

“Kwa hiyo sikuzembea,” Evaristo alisema mwishowe. Aliisema polepole, kama anaupima uzito wake.

“Hapana.”

“Mimi nilidhani kuna kitu nilifanya. Nilikaa nikitafuta. Nilidhani labda ile wiki ya harusi ya dada, labda ule mtihani wa Aprili.” Akacheka kidogo bila furaha. “Nilishaupata na mtihani wenyewe. Nilikuwa na uhakika ni ule wa Aprili.”

“Ulipata A mtihani wa Aprili.”

“Uliniona kila Jumapili, Mwalimu.”

“Nilikuona.”

“Nikakutengenezea geti.”

Machozi yalikuwa yamemfika Ofelia, lakini aliona aibu kuyatoa mbele ya mtu ambaye yeye ndiye mwenye haki nayo, akayazuia.

Evaristo aliirudisha kadi mezani, akailinganisha na mwenzake hadi kingo zikalingana. “Mzee alipolazwa,” alisema, “nililala naye kule wodini usiku wa mwisho mwisho. Nikamwambia, Baba, nisamehe ile ya chuo, nilikuangusha. Akaniambia alishasahau zamani. Hakuwa amesahau, kila mtu anajua. Lakini akaniwekea mkono hapa.” Akajigusa kichwani. “Akasema, nimekusamehe.”

Yaretzi alimwita baba yake kwa sauti ndogo. Hakumsikia.

“Alinisamehe,” Evaristo alirudia. “Na mimi nilikuwa sijafanya kitu. Angekufa akijua hivyo. Ingemchukua dakika moja kujua.”

“Nisamehe, Evaristo,” Ofelia alisema.

Evaristo alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asome zile kadi. Hakukuwa na chuki kwenye macho yake, na hakukuwa na kitu kingine cha kushika. “Leo siwezi, Mwalimu,” alisema. “Labda siku nyingine. Sijui.”

Akainuka, akachukua kofia yake kwenye goti. Binti naye akainuka, akaiangalia ile fomu iliyobaki mezani na sahihi ya baba yake.

“Na hii?”

“Yako. Amua mwenyewe. Mimi nimeacha kupiga hesabu,” Evaristo alisema.

Yaretzi akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alisita, akamgeukia Ofelia. “Lakini niko wapi? Ndani au mlangoni?”

“Sijui, mwanangu,” Ofelia alisema. “Ukibaki kwenye mariachi unaweza kukosa. Ukiacha unaweza kukosa vilevile, au ukapata ukaikumbuka hiyo gitaa maisha yako yote. Wanaokufuata nao wana mtu wa kuwapigia hesabu. Lolote likibadilika nitakwita siku ileile, hata kama nimeshakwambia kingine.”

Binti aliitikia, akatoka. Korido ilikuwa tupu na ilisikika gitaa ikigonga ukuta kwa upande alipopinda kona.

Evaristo alibaki mlangoni, mgongo umegeuka, mkono kwenye kitasa. Ofelia alidhani anatafuta neno la kumtukana, akajiweka tayari kulipokea.

“Hayo mabalungi,” Evaristo alisema, “usiyaache yakaharibika. Mzee aliniagiza palepale wodini. Alisema mfuko wa kwanza ni wako, kwa yote uliyonifanyia.”